Begi la mtu wa farasi, kutoka usaisi hadi ukufunzi: nini kinastahili pesa yako

Kwenye mabanda ya Ngong Road, Nairobi, kando ya uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1954, mtu huanza kazi akiwa ameshika beseni la pumba na huenda akaimaliza akiwa ameshika saa. Katikati hapo hupita usaisi, yaani kumhudumia farasi bandani, upandaji wa mazoezi ya alfajiri, ujoki, yaani kupanda siku ya mbio, kwa wale ambao mwili umekubali kubaki mwepesi, unyapara wa banda, usaidizi wa mkufunzi anayewaandaa farasi kwa mbio, na kwa wachache leseni ya ukufunzi yenyewe. Farasi ni yule yule. Kinachobadilika ni mahali unaposimama: saisi yuko miguuni pake, joki mgongoni, nyapara kwenye ndoo ya chakula chake, mkufunzi yuko mbali kando ya uzio.

Kila hatua ina vifaa vyake, na vingi hununuliwa kwa mshahara wa mfanyakazi, si kwa pesa ya mwenye farasi. Hapa tumevipima kwa swali moja: cheo kikibadilika, kifaa hiki bado kina kazi au kinaenda kuning'inia msumarini? Maduka ya vifaa vya farasi kwetu yanahesabika kwa vidole. Vitu vingi huagizwa Uingereza au Afrika Kusini, au huja ndani ya sanduku la msafiri, kwa hiyo ukinunua vibaya utakaa na kosa lako. Bei hatuzitaji kwa tarakimu, kwa kuwa zinapanda na kushuka na dola.

Tuanze na kilichoshinda, nacho ni themomita. Ndiyo, ile ya kidijiti ya duka la dawa, ya kupimia watoto homa. Hakuna kitu kingine begini kinachotumika siku ya kwanza ya usaisi na siku ya mwisho ya ukufunzi bila kubadilika hata kidogo.

Farasi mzima aliyetulia ana joto la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Hupimwa asubuhi kabla ya chakula na kabla ya kazi, na tena jioni. Ukimpima punde baada ya mazoezi umepima mazoezi, hujampima farasi. Ngoja angalau saa nzima. Simama ubavuni, karibu na nyonga yake ya kushoto, usisimame nyuma. Mguse kwanza mgongoni ajue upo, sogeza mkia kando, paka ncha ya themomita mafuta ya kujipaka, iingize kama sentimita 5 kisha iinamishe kidogo iguse ukuta wa ndani. Wengi hukosea hapo: themomita ikichomekwa katikati ya kinyesi au kwenye hewa husoma chini ya joto halisi, na farasi mwenye homa anaandikwa mzima. Funga uzi kwenye mwisho wa themomita na kibanio cha nguo kwenye uzi, ubane nywele za mkia. Farasi akikohoa au kujamba, chombo kitaning'inia badala ya kupotea kwenye maranda.

Ya kununua ni yenye ncha inayopinda, inayopiga mlio, na inayokumbuka kipimo cha mwisho. Zile za bei ya chini kabisa zina ugonjwa mmoja: hupiga mlio mapema, kabla joto halijatulia. Zijaribu kwa kutumbukiza ncha yake pamoja na ya themomita nyingine kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Zikipishana zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za nyuzi, irudishe dukani. Ya kioo yenye zebaki iache huko huko ilipo. Farasi akiruka, kioo huvunjikia mahali ambapo hutaki kivunjikie, na zebaki ni sumu. Bunduki za kupima joto la paji la uso, zile zilizojaa milangoni wakati wa korona, haziwezi kitu kwenye manyoya.

Kwa nini chombo hiki kidogo kinapewa sifa zote hizi? Kwa sababu katika nchi zetu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na kuna homa ya kupe. Yote mawili hupandisha joto kabla jicho la mtu halijaona kitu. Farasi anakula, anapiga kwato mlangoni akitaka kutoka, na themomita inasema 39. Ukimpeleka shoti asubuhi hiyo utamvunja moyo, kwa maana halisi ya neno.

Na usidanganywe na hesabu ya kitabuni. Farasi ambaye kila siku husoma 37.6, siku akisoma 38.4 bado yumo ndani ya mipaka ya wazima, lakini kwake yeye hiyo ni habari. Ndiyo maana themomita bila daftari ni nusu ya chombo. Daftari la shule linatosha, ukurasa mmoja kwa kila farasi: tarehe, asubuhi, jioni, alichobakiza kwenye beseni. Saisi anayeandika hivyo miezi sita mfululizo ameanza unyapara kabla hajapewa. Themomita na daftari: 10 kati ya 10.

Kifaa cha pili kwa urahisi wa bei ni kile chuma cha kuchokolea kwato. Nunua chenye burashi ngumu upande wa pili na ncha butu. Chokoa kutoka kisigino kwenda kidoleni, kamwe usirudi nyuma, na uipite polepole mifereji miwili iliyo kando ya ile pembetatu laini katikati ya wayo. Harufu ya kuoza na majimaji meusi hapo maana yake banda ni bichi na matandiko ya chini hayabadilishwi inavyopasa. Chuma chenye rangi kali, nyekundu au njano, kina thamani kuliko cheusi, kwa sababu tu kikianguka kwenye nyasi unakiona, na farasi hakikanyagi.

Sasa pamba ya kukandia, na hapa tutakaa kidogo. Ile inayojulikana zaidi duniani ni Animalintex: tabaka la pamba lenye asidi ya boriki na gundi ya tragakanthi, mgongoni ina plastiki nyembamba. Kazi yake ni kuvuta usaha na kupunguza uvimbe, na mahali inapong'ara kuliko popote ni jipu la ndani ya kwato.

Jipu hilo lina tabia ya kumtisha mgeni. Jana farasi alikimbia, leo hawezi kukanyaga, kama aliyevunjika mfupa. Weka kiganja kwenye kwato, utahisi joto. Weka vidole pande mbili za nyuma ya kifundo, utahisi mshipa unagonga kwa nguvu kuliko mguu wa pili. Fundi wa viatu vya farasi ndiye anayefungua njia ya usaha kwa kisu chake. Pamba haitoboi kwato, inafuata njia iliyofunguliwa. Anayebandika pamba siku tano bila fundi kuja anapoteza pamba na farasi.

Utaratibu ni huu. Osha kwato na uikaushe. Kata kipande kinachofunika wayo wote na kupanda kidogo kisiginoni. Maji yachemshwe, kisha yaachwe yapoe hadi nyuzi 38 hivi, yaani joto la mwili. Kama huwezi kuacha kiwiko chako ndani ya maji hayo, ni moto mno. Lowesha, kamua maji ya ziada kwa kubana kati ya viganja viwili, bila kusokota, maana ukisokota unaondoa dawa pamoja na maji. Upande wa plastiki uangalie nje. Watu hugeuza hapo mara nyingi ajabu, na plastiki ikielekea kwato hakuna kinachovutwa. Juu yake valisha nepi ya mtoto, ukubwa wa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, funga bendeji ya kujinatia kwa mzunguko wa namba 8, kisha utepe mpana wa kijivu ulioandaliwa kabla kama mraba. Utepe usipande juu ya mstari wa nywele. Ukibana hapo unakata damu na kuacha kidonda kipya. Badilisha kila baada ya saa 12. Pamba ikitoka safi mara mbili mfululizo, acha. Ukiendelea siku nyingi kwato hulainika kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji, na misumari ya kiatu haishiki.

Usiibandike ya moto juu ya jeraha lililo karibu na kiungo au kwenye ala ya kano kabla daktari wa mifugo hajaona. Lawama yetu kwa bidhaa yenyewe ni mbili: karatasi moja ni kubwa na watu huikata vibaya na kutupa nusu, na pakiti ikishafunguliwa kwenye banda lenye unyevu hufanya ukungu. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Mbadala wa pumba na chumvi ya Epsom ndani ya mfuko bado unafanya kazi na ni rahisi, ila farasi mwenye njaa huula. 9 kati ya 10.

Saisi anapopewa nafasi ya kupanda, pesa yake yote ya kwanza iende kichwani. Si kwenye buti, si kwenye suruali. Helmeti ya watu wa mbio ni ile ya duara isiyo na ukingo mgumu mbele. Ukingo ukigonga ardhi unaweza kusukuma kichwa nyuma, kwa hiyo kile kinachoonekana kama ukingo ni cha kitambaa tu cha kifuniko. Ndani ya ganda kuna povu gumu ambalo hufa mara moja: likishapondwa kunyonya pigo, halirudi. Nje helmeti inang'aa kama mpya, ndani imekwisha. Kwa hiyo ukianguka na kichwa kikagonga, helmeti hiyo imemaliza kazi. Hata isipoanguka, watengenezaji wengi wanashauri ibadilishwe baada ya kama miaka 5.

Tazama lebo ndani, alama ya kiwango cha usalama: PAS 015, VG1 au ASTM F1163. Isiyo na lebo ni kofia ya maonyesho. Kampuni kongwe kama Charles Owen ya Uingereza hutengeneza za majoki hasa, na ukipata saizi yako hutajuta, ingawa saizi ndiyo kazi yenyewe. Helmeti inakaa sawa, vidole viwili juu ya nyusi. Ukiitikisa kwa mkono bila kufunga mkanda, ngozi ya paji la uso isogee nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa; ikikuachia alama nyekundu na kichwa kuuma baada ya dakika kumi ni ndogo au umbo lake si la kichwa chako, maana vichwa vingine ni mviringo na vingine ni virefu.

Na mitumba? Tandiko la mtumba, karibu. Lijamu la mtumba, lichunguze kisha nunua. Helmeti ya mtumba, hapana, hata ikiwa ya bure, hata kama ni ya joki mstaafu unayemheshimu. Huwezi kuona ilianguka mara ngapi. Hali kadhalika usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto linaharibu povu.

Kizibao cha kinga kina kasoro ya kudanganya. Vipo vya madaraja matatu chini ya kanuni ya EN 13158. Daraja la 1 ni chembamba na chepesi, kimetengenezwa kwa ajili ya joki mwenye leseni siku ya mbio, ambapo kila gramu inahesabiwa. Daraja la 3 ndicho cha kuvaa alfajiri, kwenye mazoezi, kwenye farasi wachanga. Wapandaji wengi wa mazoezi huvaa daraja la 1 kwa sababu ndicho wanachokiona kwa majoki, na kwa sababu hakitoi jasho. Wanaanguka mara nyingi kuliko majoki, wakiwa na kinga ndogo kuliko wanavyodhani. Kipimo cha mwilini: ukikaa kwenye tandiko, ncha ya chini nyuma isiguse tandiko, la sivyo kitakupanda shingoni. Povu lake hulainika kwa joto la mwili, kwa hiyo kivae dakika tano kabla ya kukaza mikanda ya mwisho. Libonyeze kwa kidole gumba kila mwezi. Shimo lisiporudi, limechoka.

Tandiko la mazoezi ndilo la kuvutia zaidi kulitazama na ndilo linalohitaji jicho kali. Uzito wake ni kama kilo 3 hadi 5, na kazi yake ya kwanza si kumstarehesha mpandaji ila kutogusa uti wa mgongo wa farasi. Mpandaji akishakaa, vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya tandiko na kinundu cha mabega. Tandiko linalokaa kwenye kinundu huleta donda ambalo litamweka farasi nje kwa wiki kadhaa, na wa kulaumiwa atakuwa saisi aliyelifunga. Kitambaa kinene chini si dawa: kikiongezwa chini ya tandiko dogo kinabana zaidi, kama soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana.

Kabla ya kulipa, lipindue. Shika mbele na nyuma, ulisukume kuelekea kifuani: likipinda katikati au likilia, mti wake wa ndani umevunjika, na fundi hawezi kuuunga kwa gharama inayofaa. Chini ya ubawa kuna ndimi za ngozi za kufungia mkanda wa tumbo. Zikiwa tatu, jua siri yake: wa kwanza umeshonwa kwenye utepe wake peke yake, wa pili na wa tatu wanashiriki utepe mmoja. Funga wa kwanza pamoja na mmoja wa hao wawili. Ukifunga wa pili na wa tatu, utepe mmoja ukikatika umebaki hewani. Vuta kila ulimi kwa nguvu na utazame mshono pale unapoingia kwenye tandiko, na matundu: tundu lililorefuka kama jicho la mbuzi linamaanisha ngozi inakatika.

Mafundi wetu wa viatu vya watu wana mikono hodari na hushona mambo mengi ya farasi, lakini hapa kuwa mkali. Ulimi wa mkanda wa tumbo na ngozi ya kikuku, kile chuma cha kukanyagia mguu, hushonwa kwa mkono, sindano mbili, uzi wa kitani uliotiwa nta. Uzi wa nailoni mwembamba ni wenye nguvu kuliko ngozi kuukuu, nao huikata taratibu kama msumeno. Gundi peke yake usikubali kabisa.

Vikuku vyenyewe viwe vya chuma kisichoshika kutu. Vya nikeli hupinda kikuku kikigonga mlango au farasi akiangukia ubavu, na mguu unabaki ndani. Upana uzidi buti kwa sentimita 2 hadi 2.5. Kikuku chembamba hukamata mguu. Kipana mno huruhusu mguu mzima kupita mpaka kifundoni, na hilo ndilo baya kuliko yote, maana unaburutwa. Ngozi za vikuku zibadilishane upande kila mwezi ili zisirefuke kimoja.

Hatamu za mpira wenye vipele ni za lazima, kwani mvua na jasho hufanya ngozi tupu kuteleza. Lakini mpira unaficha. Ngozi huoza chini yake kwa chumvi ya jasho, na hukatika pale mpira unapoishia au kwenye kifungo cha lijamu. Kunja hatamu kila sentimita 20, utazame mipasuko midogo. Lijamu la chuma la umbo la herufi D halipiti mdomoni farasi akivuta upande mmoja, na halibani midomo kama lile la pete zinazozunguka. Kwa mpandaji anayejifunza, chukua D. Upana wa kawaida ni kama sentimita 12.5, na pande zote mbili ibaki nafasi ndogo, isiyofika sentimita 1.

Tandiko zima, na hatamu zake, litakufaa kama mpandaji na litawafaa wapandaji wako ukiwa mkufunzi. 8 kati ya 10, likinunuliwa na mtu anayejua kulipindua.

Tandiko la mbio ni hadithi nyingine. Yale madogo hayafiki nusu kilo, ni kama kipande cha ngozi chenye vikuku. Linashikwa na mikanda miwili: wa tumbo, na wa juu unaopita juu ya tandiko lenyewe. Joki mwenye kazi huhitaji zaidi ya moja, kwa sababu ya mizani. Akiwa chini ya uzito uliopangiwa farasi, ni afadhali achukue tandiko kubwa na zito kuliko kujaza vipande vya madini ya risasi kwenye kitambaa cha uzito. Tandiko linakaa chini ya mtu anayesogea na farasi, risasi inakaa tu kama gunia. Ikibidi risasi, iwe sawa pande zote mbili, na iwekwe mbele karibu na mabega. Kwa desturi ya mbio za Kiingereza, tandiko linapandishwa mizanini pamoja na joki, lakini helmeti na kiboko haviwekwi, kwa hiyo usikate uzito kwenye helmeti. Hakuna faida.

Mkanda wa mbio una mpira unaovutika. Mpira ukiwa upande mmoja tu, tandiko huvutwa upande huo; nunua wenye mpira pande zote mbili. Na mpira hufa kwa jua. Ukivutwa ukarudi na mawimbi kama kashata iliyovunjika, utupe siku hiyo hiyo. Kifaa chote ni kizuri, ni ghali, na kinatumika miaka ile tu ambayo mwili unakuruhusu. Siku unapokuwa nyapara kinabaki ukutani. 5 kati ya 10, si kwa ubaya wake. Kama unaweza kuazima la banda au kununua la mstaafu, fanya hivyo.

Unyapara ni kazi ya kupima chakula, na chombo chake kinachodharauliwa ni mizani ya ndoano, ile wanayopimia viazi sokoni. Masaisi wengi hupima kwa kopo. Kopo ni ujazo, tumbo linataka uzito. Kopo la lita 2 la pumba lina uzito wa karibu nusu ya kopo hilo hilo la oti. Ukibadilisha nafaka bila kubadilisha kopo, umembadilishia farasi mlo bila kujua. Tundika mizani, weka ndoo tupu, iandike uzito wake ubavuni kwa rangi, na kila gunia jipya likifunguliwa pima kopo upya. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, ndiyo maana nafaka haizidi kilo 2 hivi kwa mlo mmoja. Kinachozidi hupita bila kusagwa sawasawa, na huko mbele ndiko msokoto wa tumbo unakoanzia. Chakula kipya kiingizwe kwa siku 7 hadi 10, sio kwa siku moja kwa sababu gunia la zamani limeisha Jumamosi.

Pamoja na mizani hiyo nunua utepe wa fundi cherehani. Ule utepe maalumu wa farasi wenye kilo zilizochapwa tayari ni mzuri machoni, lakini farasi wa mbio wana kifua kirefu na tumbo lililokatika, na mara nyingi huwakosea. Utepe wa kawaida na hesabu hii ni bora: mzunguko wa kifua nyuma ya mabega kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Kifua 185 na urefu 165 vinakupa kilo 475. Farasi huyo asipungukiwe na kilo 5 za nyasi kavu kwa siku, hata awe na nafaka nzuri namna gani. Pima siku ile ile ya wiki, saa ile ile, kabla ya kula, na utepe ukazwe akishatoa pumzi. Namba yenyewe inaweza kukosea kwa kilo kadhaa. Unachotafuta ni kama wiki hii imeshuka kuliko iliyopita. Mizani na utepe kwa pamoja: 9, na vyote viwili unavipata soko lolote.

Mwisho ni saa ya kupimia mbio, alama ya ukufunzi, inayoning'inia shingoni. Simu inaweza, lakini simu haifai. Kidole kikiwa na jasho au umande kioo hakisikii, na ukikitazama ili ubonyeze umeshaacha kumtazama farasi. Saa yenye kitufe halisi unaibonyeza bila kuangalia. Iwe na uwezo wa kukumbuka vipande angalau 10, kwa sababu jumla ya muda haisemi kitu peke yake.

Kipimo cha kazi ni falongi, mita 201. Farasi anayekwenda falongi kwa sekunde 15 yuko kwenye shoti ya kazi, karibu kilomita 48 kwa saa. Sekunde 12 ni mwendo wa mbio, kilomita 60. Sema umemwagiza mpandaji aende falongi nne kwa dakika moja. Akikuletea dakika moja kamili unaweza kudhani ametii. Vipande vikisema 17, 16, 14, 13, amemvuta mwanzoni kisha akamwachia mwishoni, na hiyo ni kazi nzito kuliko uliyoagiza. Kesho farasi ataacha chakula, na wewe utamlaumu saisi.

Makosa ya saa mara nyingi ni ya miguu ya anayepima. Ukisimama mwisho wa mstari, unaona nguzo ya kwanza kwa mshazari, na pua ya farasi inaonekana kuipita kabla haijaipita. Simama katikati, au mbali na uzio kiasi cha kuona nguzo zote mbili, au mweke mtu kwenye nguzo ya kwanza ashushe kitambaa. Bonyeza kwa kitu kile kile kila mara, pua kwa pua, siyo pua mwanzo na kwato mwisho. Andika na hali ya ardhi. Sekunde 15 kwenye ardhi kavu na sekunde 15 baada ya mvua za Aprili si kazi moja.

Ya bei ya kati inatosha. Za ghali zinauza rangi na sanduku. 9 kati ya 10, na kasoro pekee ni betri inayokufa bila kuaga, kwa kawaida asubuhi ya kazi kubwa. Saa nyingi hula CR2032 na themomita nyingi LR41. Fungua zako usome namba, kisha weka moja ya kila aina ndani ya kifuniko cha daftari, imefungwa kwa utepe.